Kuonya na Kuonyesha: Historia ya Gazeti la News of the World, 1843-2011

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya News of the World, gazeti la Jumapili lililochapishwa London tangu tarehe 1 Oktoba 1843 hadi tarehe 10 Julai 2011. Gazeti hilo liliwahi kuuzwa kuliko magazeti mengine yote ya Uingereza, na lilijipatia umaarufu kwa habari za ngono, mauaji na aibu za wakubwa. Hoja kuu ni kwamba historia yake inaeleweka vizuri zaidi kwa kufuatilia jinsi habari zake zilivyopatikana. Kwa kigezo hicho zinabainishwa hatua nne: habari iliyonukuliwa mahakamani, habari iliyonunuliwa, habari iliyotegwa na habari iliyoibwa. Katika hatua zote nne gazeti lilijitetea kwa hoja moja, kwamba linaanika uovu ili jamii ionywe. Makala yanaonyesha kuwa utetezi huo ulikuwa na ukweli ndani yake, na kwamba ndiyo sababu ulidumu kwa muda mrefu kiasi hicho.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa mitindo ya lugha ya uandishi wa habari wamezoea kulitazama gazeti la kashfa kama kinyume cha gazeti makini. La kwanza huhesabiwa kuwa la uongo na la pili kuwa la kweli. Mgawanyo huu ni mwepesi mno. Gazeti la News of the World halikudumu kwa karibu miaka 168 kwa kuwauzia watu uongo. Habari zake nyingi zilikuwa za kweli, na baadhi zilikuja kuthibitishwa na mahakama miaka mingi baada ya kuchapishwa. Kilicholiangusha mwaka 2011 kilikuwa njia iliyotumiwa kupata habari. Kwa sababu hiyo, swali linaloongoza makala haya halihusu kama gazeti lilisema kweli au la. Linahusu kweli hiyo ilitoka wapi, ilikuwa mali ya nani, na ilichukuliwa kwa idhini ya nani.

Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayolisaidia suala hili kueleweka. Onya na onyesha vyote vina asili moja, yaani kitenzi ona. Anayeonya humfanya mwenzake auone ubaya kabla haujamfika, na anayeonyesha huuweka ubaya wenyewe mbele ya macho. Vitenzi hivi vimeachana kimaana, lakini undugu wao haujafutika: ni vigumu kuonya pasipo kuonyesha japo kidogo. Gazeti linalochunguzwa hapa liliishi katika nafasi hiyo nyembamba iliyopo baina ya maana hizo mbili.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kuyatazama maneno mawili yatumikayo kwa magazeti ya aina hii. La kwanza ni tabloidi. Asili yake ni duka la dawa. Mwaka 1884 kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilisajili jina Tabloid kuwa alama ya biashara ya vidonge vyake vilivyoshindiliwa. Punde jina hilo likaanza kutumika kwa kila kitu kilichofupishwa na kubanwa. Tarehe 1 Januari 1901, Alfred Harmsworth, mmiliki wa Daily Mail, alipokaribishwa New York kuhariri toleo moja la gazeti la World, alilitoa katika umbo dogo na habari fupifupi akilitumia neno hilo. Tangu hapo tabloidi imekuwa na maana mbili zisizolingana: ukubwa wa karatasi kwa upande mmoja, na hulka ya maudhui kwa upande mwingine.

Tofauti hiyo ina uzito katika uchunguzi huu, kwani News of the World lilikuwa na hulka hiyo kwa miaka 140 kabla ya kuwa na umbo lake. Lilichapishwa katika karatasi pana, kama magazeti yaliyojiita ya heshima, hadi mwaka 1984 lilipopunguzwa ukubwa. Kwa hiyo anayepima gazeti kwa karatasi yake ataikosa sehemu kubwa ya historia.

Neno la pili ni udaku, ambalo wasemaji wa Kiswahili wamelitumia zaidi kwa magazeti ya kashfa yaliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1990, baada ya milango ya uchapishaji binafsi kufunguliwa. Mdaku ni mtu apendaye kupekua mambo ya wenzake na kuyatangaza. Istilahi hii ina nguvu kuliko tabloidi kwa jambo moja: inamtaja mtendaji na tendo lake, wala haisemi chochote kuhusu karatasi. Inadokeza kwamba kiini cha gazeti la namna hii ni uhusiano baina ya anayepekua na anayepekuliwa. Uhusiano huo ndio unaofuatiliwa katika sehemu zinazofuata.

3.0 Habari Iliyonukuliwa

Mwanzilishi wa gazeti alikuwa John Browne Bell, mchapishaji wa London. Aliliuza kwa peni 3, bei iliyokuwa ya chini sana kwa gazeti la wakati huo. Ili ujasiri wa bei hiyo ueleweke, ni lazima kukumbuka kwamba magazeti ya Uingereza yalikuwa yanatozwa kodi tatu: kodi ya stempu kwa kila nakala, kodi ya matangazo ya biashara na kodi ya karatasi. Kodi ya stempu ilikuwa imepunguzwa kutoka peni 4 hadi peni 1 mwaka 1836, lakini ilikuwapo bado. Bell alikubali faida ndogo kwa kila nakala akitumaini kuuza nakala nyingi. Walengwa wake walikuwa watu wa tabaka la chini waliokuwa wanaanza kujua kusoma, ambao walikuwa na siku moja tu ya mapumziko katika juma, nayo ni Jumapili.

Watu hao walipewa nini? Toleo la kwanza kabisa lilibeba habari ya kesi iliyohusu tuhuma za mwanamke kuleweshwa dawa na kunajisiwa. Mwelekeo ulikuwa umewekwa. Ripoti za polisi na za mahakama zilikuwa chakula cha kila juma: mauaji, wizi, madanguro, utelekezaji wa watoto, ugoni. Mwaka 1857 Bunge lilipitisha sheria iliyohamisha masuala ya ndoa kutoka mahakama za kanisa, na mwaka uliofuata mahakama ya talaka ikaanza kazi London. Kuanzia hapo mambo ya chumbani ya watu wenye mali na vyeo yaliweza kusimuliwa hadharani, chini ya kiapo, na kuandikwa neno kwa neno na mwandishi aliyeketi kortini.

Kisheria, hatua hii ilikuwa salama. Gazeti halikumpekua mtu. Dola ndiyo iliyompekua, na gazeti likanukuu. Maneno yalikuwa ya shahidi, ya wakili au ya hakimu, na kila mwananchi alikuwa na haki ya kuingia mahakamani na kuyasikia kwa masikio yake. Uhodari wa mhariri ulikuwa katika uteuzi: kati ya kesi mia alichagua tano.

Mtindo wa lugha ulikwenda sambamba na hali hiyo. Ripoti ziliandikwa kwa tafsida nzito. Tendo la ndoa liliitwa ukaribu uliotokea, na shambulio la aibu likaitwa kosa zito. Tafsida kwa kawaida hufunika jambo lisionekane. Hapa ilifanya kazi mbili. Ililinda gazeti dhidi ya sheria na dhidi ya baba wa nyumba aliyetaka kulileta sebuleni bila aibu. Wakati huohuo ilimwalika msomaji aijaze nafasi iliyoachwa wazi kwa mawazo yake mwenyewe. Msomaji aliyefahamu kanuni za tafsida hiyo alielewa kila kitu, na asiyezifahamu hakudhurika. Hapana shaka kwamba hii ni mojawapo ya sababu zilizolifanya gazeti likubalike katika nyumba za watu waliojihesabu kuwa wachaji Mungu.

Hata hivyo, mafanikio hayakuwa ya moja kwa moja. Kodi ya stempu ilipofutwa mwaka 1855, na ile ya karatasi mwaka 1861, washindani walishusha bei huku News of the World likishikilia yake. Lloyd's Weekly, lililoanzishwa mwaka 1842, likalipita mbali; mwaka 1896 likawa gazeti la kwanza la Uingereza kufikisha mauzo ya nakala milioni 1. Gazeti la Bell lilidhoofika hadi mwaka 1891, familia yake ilipoliuza kwa Lascelles Carr, aliyekuwa na gazeti la Western Mail huko Cardiff. Carr alimkabidhi uhariri mpwa wake, Emsley Carr, ambaye alishika kiti hicho kwa miaka 50, hadi kifo chake mwaka 1941. Mambo ya biashara na usambazaji yaliangukia mikononi mwa mwanasheria George Riddell, baadaye Lord Riddell.

Watu hao wawili ndio waliolifufua gazeti. Hawakubadili maudhui. Waliendelea kuchapa kesi, wakaongeza michezo, hadithi na mashindano. Tangu mwaka 1903 gazeti lilidhamini mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa, na baadaye mashindano ya vishale katika vilabu vya pombe. Kufikia mwaka 1912 mauzo yalikadiriwa kuwa nakala milioni 2 kwa juma, na mwaka 1939 milioni 4. Mwaka 1950 yalipita milioni 8, kiwango ambacho gazeti lolote la Uingereza halikuwahi kukifikia kabla ya hapo. Wakati huo Uingereza ilikuwa na watu wapatao milioni 50, na nakala moja ilisomwa na watu wengi katika nyumba moja.

Nafasi ya gazeti katika maisha ya Waingereza inadhihirika katika insha ya George Orwell ya mwaka 1946 kuhusu mauaji ya Kiingereza, ambayo inaanza na picha ya baba aliyeshiba chakula cha Jumapili, akakaa kitini na kulifungua News of the World. Orwell hakulichagua gazeti hilo ili kuwacheka wasomaji wake. Alilichagua kwa kuwa alijua kwamba kila msomaji wa insha yake angeitambua picha hiyo mara moja.

Lakini chanzo hiki cha kwanza kilianza kuzibwa na dola yenyewe. Mwaka 1926 Bunge lilipitisha sheria iliyokataza kuchapishwa kwa undani wa ushahidi katika kesi za talaka na mambo mengine yanayokiuka adabu ya umma. Mfalme George V mwenyewe alikuwa amelalamikia ripoti za aina hiyo. Sheria haikuliua gazeti, lakini ilifundisha jambo moja: anayetegemea kisima cha serikali anaweza kukuta kimefungwa.

4.0 Habari Iliyonunuliwa

Baada ya mwaka 1950 mauzo yalianza kuporomoka taratibu. Televisheni iliingia majumbani, na washindani kama Sunday Pictorial na The People walizidisha ukali. Mhariri Stafford Somerfield, aliyeteuliwa mwaka 1960, alijibu kwa kutumia pesa. Mwaka huohuo gazeti lilimlipa mwigizaji wa filamu Diana Dors pauni 35,000 ili asimulie maisha yake. Mwaka 1963, Waziri wa Vita John Profumo alipojiuzulu baada ya kukiri kwamba alilidanganya Bunge kuhusu uhusiano wake na Christine Keeler, gazeti lilinunua simulizi ya Keeler kwa pauni 23,000.

Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Shahidi mahakamani hasemi apendavyo: ameapa, anahojiwa na wakili wa upande wa pili, na akidanganya anafungwa. Msimulizi anayelipwa hana vizuizi hivyo. Zaidi ya hayo, thamani ya simulizi yake hupanda kadiri anavyowataja watu wengine. Anayeuza siri yake kwa kawaida huuza na ya mwenzake, ambaye hakuulizwa wala hakulipwa.

Hatari ya mfumo huo ilionekana mwaka 1966. Katika kesi ya mauaji ya watoto yaliyofanywa na Ian Brady na Myra Hindley, ilibainika mahakamani kwamba shahidi muhimu wa upande wa mashtaka alikuwa na mapatano ya malipo na gazeti la News of the World. Hofu ilikuwa wazi: shahidi mwenye habari ya kuuza anaweza kuwa na faida katika hukumu ya aina fulani. Baraza la Magazeti lilitoa tamko la kukataza malipo kwa mashahidi. Hapa mkondo uligeuka. Zamani gazeti lilikunywa kutoka mahakamani. Sasa lilikuwa linatishia kuyachafua maji ya mahakama yenyewe.

Mwaka 1968 umiliki ulitikisika. Mwanafamilia mwenye hisa nyingi alitaka kuuza, na Robert Maxwell, mchapishaji na mbunge mzaliwa wa Czechoslovakia, akajitokeza kununua. Somerfield aliandika tahariri kali ya kupinga, akisisitiza Uingereza wa gazeti na ugeni wa Maxwell. Familia ya Carr ilipata msaada kutoka kwa mtu mwingine wa mbali, Rupert Murdoch wa Australia, ambaye mwezi Januari 1969 alishinda. Katika mwaka huohuo alishika uenyekiti na kumweka kando William Carr aliyemkaribisha, na mwaka 1970 akamfukuza Somerfield. Waliokataa mgeni mmoja kwa hoja ya uzawa walikuwa wamemfungulia mlango mgeni mwingine.

Murdoch hakuibadili falsafa ya ununuzi. Mwaka 1969 alichapisha tena kumbukumbu za Keeler, miaka sita baada ya tukio, wakati Profumo alikuwa anafanya kazi ya hisani miongoni mwa maskini wa London mashariki. Baraza la Magazeti lililaumu uchapishaji huo. Katika mwaka huohuo Murdoch alinunua The Sun, ambalo lingechapwa kwa mitambo ya News of the World iliyokuwa inalala bila kazi siku sita za juma. Mwezi Januari 1986 magazeti hayo yalihamishiwa Wapping, kwenye mitambo ya kompyuta. Wafanyakazi wapatao 5,500 waligoma na kupoteza kazi, na mgogoro ukaendelea hadi Februari 1987. Nguvu ya vyama vya wapiga chapa ilivunjika, na uwezo wa mmiliki juu ya chumba cha habari ukaongezeka.

5.0 Habari Iliyotegwa

Hatua ya tatu haina mwanzo wenye tarehe moja. Waandishi wa magazeti ya Jumapili walikuwa wamezoea tangu zamani kuingia madanguroni kama wateja, kuandika walichokiona, na kumalizia kwa kauli kwamba mwandishi aliomba radhi na kuondoka. Fomula hiyo ndogo inastahili kuangaliwa na wanamitindo. Sehemu yote iliyotangulia huonyesha. Sentensi ya mwisho huonya. Mwandishi anaingia, anaona, anasimulia, kisha anatoka akiwa safi, na msomaji anatoka naye akiwa safi vilevile. Bila sentensi hiyo habari ingekuwa uchafu mtupu, na bila uchafu sentensi hiyo isingekuwa na kazi.

Katika miaka ya 1980 na 1990 mbinu hii ilikomaa. Mwezi Oktoba 1986 gazeti lilichapisha habari kwamba Jeffrey Archer, naibu mwenyekiti wa chama cha Conservative, alikuwa amempelekea kahaba pesa kupitia mjumbe, katika tukio lililoshuhudiwa na waandishi wake. Archer alijiuzulu, lakini mwaka 1987 alilishtaki Daily Star, lililokwenda mbali zaidi, akashinda pauni 500,000. Miaka 12 ikapita. Mwezi Novemba 1999 News of the World lilichapisha ushahidi kwamba Archer alimwomba rafiki yake amtengenezee ushahidi wa uongo kwa ajili ya kesi hiyo. Mwezi Julai 2001 alihukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa kudanganya chini ya kiapo. Anayelidharau gazeti hili pasipo kuutaja mfano huo hatendi haki: mahakama ilikuwa imedanganywa, na waliofichua hilo ni wadaku.

Mtegaji mashuhuri kuliko wote alikuwa Mazher Mahmood, aliyejiunga na gazeti mwaka 1991 na kujulikana kama shehe bandia. Alivaa kanzu na kilemba, akakodi vyumba vya hoteli za kifahari na kujifanya tajiri wa Ghuba mwenye pesa za kumwaga. Mtego wake ulitegemea taswira iliyokwisha kuwamo vichwani mwa Waingereza, kwamba Mwarabu mwenye kanzu ana mali isiyo na hesabu wala maswali. Kwa maana hiyo, vazi lilifanya kazi ya lugha: lilisema uongo kabla mvaaji hajafungua mdomo. Mwezi Agosti 2010 Mahmood alifichua kwamba wachezaji wa kriketi wa Pakistani walikuwa wamekubali kurusha mipira haramu kwa wakati uliopangwa, katika mechi dhidi ya Uingereza uwanjani Lord's. Wachezaji 3 na wakala wao walifungwa Novemba 2011, wakati gazeti lililowafichua lilikuwa limekwisha kufa. Mahmood mwenyewe alifungwa miezi 15 mwezi Oktoba 2016 kwa kula njama ya kupotosha haki katika kesi iliyotokana na mtego mwingine, aliouandaa kwa ajili ya gazeti la The Sun on Sunday. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kampeni ya mwaka 2000 inaonyesha hatari ya aina nyingine. Baada ya mauaji ya Sarah Payne, mtoto wa miaka minane, gazeti chini ya uhariri wa Rebekah Wade lilianza mwezi Julai kuchapisha majina na picha za watu waliowahi kuhukumiwa kwa kuwanajisi watoto. Lengo lililotajwa lilikuwa onyo kwa wazazi. Mwezi Agosti makundi ya watu yalifanya fujo katika mtaa wa Paulsgrove, Portsmouth. Huko Newport, Wales, nyumba ya daktari wa watoto ilipakwa maandishi ya matusi. Mpakaji alikuwa amechanganya maneno mawili ya Kiingereza yenye mzizi mmoja wa Kigiriki wenye maana ya mtoto: moja ni jina la tabibu, jingine la mhalifu. Mwanaisimu hahitaji mfano mkali zaidi wa uzito wa mofimu. Kampeni ilisitishwa. Hata hivyo, dai lake la msingi halikupotea: utaratibu wa kumruhusu mzazi kuwauliza polisi kuhusu mtu anayekaribiana na mtoto wake ulijaribiwa kuanzia mwaka 2008, na ukaenea Uingereza na Wales kufikia 2011.

Mwaka 2008 mahakama iliweka mpaka. Gazeti lilikuwa limechapisha picha za siri za Max Mosley, mkuu wa shirikisho la mbio za magari duniani, akiwa katika tafrija ya ngono, na likadai kwamba tafrija hiyo ilikuwa na maigizo ya Kinazi. Mwezi Julai Jaji Eady aliamua kwamba dai la Unazi halikuthibitika, na kwamba mambo ambayo watu wazima wameridhiana faraghani hayana maslahi ya umma. Mosley alipewa fidia ya pauni 60,000. Onyo lilikataliwa kuwa kisingizio cha onyesho.

6.0 Habari Iliyoibwa

Mwezi Novemba 2005 gazeti lilichapisha habari ndogo kuhusu goti la Mwanamfalme William lililoumia. Ilikuwa habari isiyo na madhara, lakini waliohusika walijua kwamba ni watu wachache mno waliokuwa na taarifa hiyo. Uchunguzi wa polisi ulifika kwa Clive Goodman, mhariri wa habari za ufalme, na mpelelezi binafsi Glenn Mulcaire. Wawili hao walikuwa wanaingia katika visanduku vya sauti vya simu za mkononi na kusikiliza ujumbe ulioachwa humo. Mwezi Januari 2007 Goodman alifungwa miezi 4 na Mulcaire miezi 6. Mhariri Andy Coulson alijiuzulu akisema hakujua lolote. Baadaye mwaka huo akawa mkuu wa mawasiliano wa chama cha Conservative, na mwaka 2010 akaingia ofisi ya Waziri Mkuu.

Kampuni ilishikilia kwamba mkosaji alikuwa mwandishi mmoja. Mwezi Julai 2009 Nick Davies wa The Guardian alianza kuonyesha kwamba haikuwa hivyo, na daftari za Mulcaire zilizokuwa mikononi mwa polisi zilikuja kuonekana kuwa na maelfu ya majina. Umma haukushtuka sana, kwani waliotajwa walikuwa wanasiasa, waigizaji na wanamichezo, watu ambao wasomaji walikuwa wamezoea kuwaona wakipekuliwa. Tarehe 4 Julai 2011 The Guardian liliandika kwamba mwaka 2002 gazeti lilikuwa limesikiliza ujumbe katika simu ya Milly Dowler, msichana wa miaka 13 aliyekuwa ametoweka na ambaye baadaye alikutwa ameuawa. Ilidaiwa pia kwamba waandishi walifuta baadhi ya ujumbe, na hivyo kuwapa wazazi tumaini la uongo kwamba yu hai. Mwezi Desemba 2011 dai hilo la kufuta lilirekebishwa kwa kuwa ushahidi haukulithibitisha. Lakini tendo la kusikiliza lilibaki kuwa kweli.

Kiswahili cha leo huita tendo hilo udukuzi. Neno hilo haliko mbali kisauti na kimaana na dukiza, yaani kusikiliza kwa siri maneno ya watu. Umbali baina ya udaku na udukuzi ni mfupi masikioni, lakini kimaadili ni mrefu. Mdaku huhitaji mtu wa kumwambia: shahidi, muuzaji, hata mtu aliyelaghaiwa na shehe bandia. Wote hao walifungua midomo yao wenyewe. Mdukuzi hahitaji mtu wa kumwambia. Anachukua maneno ambayo mama anamwachia mwanawe aliyepotea.

Ndani ya siku chache watangazaji wakubwa wa biashara walijitoa. Tarehe 7 Julai ilitangazwa kwamba gazeti litafungwa, na tarehe 10 Julai 2011 toleo la 8,674 likawa la mwisho. Kwenye ukurasa wake wa mbele liliwashukuru wasomaji na kuwaaga. Wafanyakazi wapatao 200 walipoteza kazi, wengi wao wakiwa hawakuwamo gazetini wakati wa makosa hayo. Lilikuwa bado linauza zaidi ya nakala milioni 2.5 kila juma. Halikufa kwa njaa.

Mengine yanajulikana. Tume ya Jaji Leveson ilitoa ripoti Novemba 2012, na sehemu yake ya pili, iliyokusudiwa kuchunguza uhusiano wa magazeti na polisi, ilifutwa na serikali mwaka 2018. Mwaka 2014 Coulson alifungwa miezi 18, na Rebekah Brooks, yaani Wade wa zamani, hakupatikana na hatia. Tangu tarehe 26 Februari 2012 pengo la Jumapili lilijazwa na The Sun on Sunday, la kampuni ileile.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia hatua nne za upatikanaji wa habari katika gazeti moja. Katika hatua ya kwanza kweli ilikuwa ya umma na gazeti liliieneza. Katika ya pili ilikuwa ya mtu, naye akalipwa. Katika ya tatu ilitolewa na mtu aliyelaghaiwa. Katika ya nne ilichukuliwa bila mwenyewe kujua. Hatua hizi hazikufutana: ripoti za kesi ziliendelea hadi mwisho, na ununuzi na mitego pia. Kilichotokea ni kwamba kila hatua ilimsogeza mpekuzi karibu zaidi na chumba cha ndani, ilhali utetezi ulibaki uleule.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa na watafiti watakaoshughulikia magazeti ya udaku kwingineko, yakiwamo ya Kiswahili. Kwanza, uchunguzi wa lugha pekee hautoshi. Kichwa cha habari chenye mbwembwe kinaweza kubeba kweli iliyopatikana kwa halali, na sentensi tulivu kuhusu goti la mwanamfalme inaweza kuwa zao la wizi. Pili, msomaji ni mshiriki. Watu milioni 8 walionunua gazeti mwaka 1950 hawakulazimishwa, na hasira ya mwaka 2011 ilizuka pale tu aliyepekuliwa alipofanana na mtoto wa kila mmoja wao. Walipopekuliwa wakubwa, jamii ililiita tendo hilo onyo. Alipopekuliwa mtoto aliyeuawa, jamii ililiona kuwa onyesho. Tendo lilikuwa lilelile.